Vioo vya jirani, bampa lako: nani analipa?

Na Mwandishi Wetu

HESABU tunayoanza nayo wiki hii ni ndogo: pauni 946 za Uingereza. Hayo ndiyo malipo aliyopewa mfanyabiashara mmoja wa London mwaka 2013, baada ya gari lake aina ya Jaguar, lililoegeshwa kihalali katika mtaa wa Eastcheap, kukutwa kioo cha pembeni, nembo na baadhi ya paneli za bodi vimepinda kwa joto. Gari halikugongwa na hapakuwa na moto. Joto hilo lilikuwa la jua, nalo lilitoka kwenye ukuta wa vioo wa jengo lililokuwa likimaliziwa kujengwa jirani.

Kwa kiwango cha kubadilishia fedha cha wakati ule, pauni hizo zilikuwa zaidi ya Sh milioni 2. Kwa mwenye Jaguar pengine hizo ni fedha za kuudhi tu. Kwa mkazi wa Mitwero aliyeweka mapato ya korosho ya misimu miwili katika Noah moja iliyotumika kutoka Japani, akitegemea kubeba abiria kati ya Lindi mjini na vijijini, hicho ni kipande cha mtaji.

Mitwero haina mnara wa vioo kama ule wa London. Lakini mwekezaji mdogo anayejenga fremu za maduka au nyumba ya wageni kando ya barabara kuu siku hizi hafikirii tena ukuta wa matofali wenye madirisha ya nondo. Anaita fundi alumini, anachagua vioo vya kuakisi vya rangi ya bluu au shaba, na jengo linang'aa. Mbele yake ndipo wateja wanapoegesha. Ng'ambo ya barabara huenda kuna mtu mwenye yadi ya magari ya kuuza, au bodaboda zilizojipanga kusubiri abiria. Hao wote wanaingia katika biashara ya jengo hilo bila kuwa na hisa hata moja.

Jengo lililouzwa kwa bilioni

Jengo la London liko namba 20 mtaa wa Fenchurch. Wenyeji wanaliita Walkie-Talkie kwa kuwa umbo lake, pana juu na jembamba chini, linafanana na simu ya upepo ya askari. Lina urefu wa mita 160, na upande wake unaotazama kusini umekunjwa kwa ndani. Mchoraji wake alikuwa Rafael Viñoly, mzaliwa wa Uruguay aliyefariki mwaka 2023. Waliolijenga walikuwa kampuni mbili kubwa za majengo, Land Securities na Canary Wharf Group.

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 2013 mkunjo huo ulianza kukusanya jua la mchana na kulimwaga sehemu moja ya mtaa. Vipimo vilivyochukuliwa barabarani vilivuka nyuzi 90 za Sentigredi. Mwandishi wa gazeti la biashara la City A.M. aliweka kikaango chini na kukaanga yai. Kinyozi wa mtaa huo alionyesha zulia lililoungua. Manispaa ya eneo hilo ilifunga nafasi tatu za maegesho, na wajenzi wakasimamisha jukwaa lenye wavu kuziba miale. Kampuni zenye jengo zilieleza kwamba hali hiyo ingedumu kama saa mbili kwa siku, kwa wiki mbili hadi tatu, kisha jua lingehama.

Wakati huo Viñoly alilieleza gazeti la The Guardian jambo ambalo kila anayetafuta mkandarasi wa bei nafuu angepaswa kulisikia. Alisema mchoro wa awali ulikuwa na mapezi ya kivuli upande wa kusini, na kwamba mapezi hayo yaliondolewa ili kupunguza gharama. Mwaka 2014 jengo lilifungwa mapezi hayo hayo, safari hii kwa kupandisha mafundi juu ya ukuta uliokwisha kukamilika. Mwenye kujua bei za ujenzi anafahamu kwamba kazi ya kurudia haijawahi kuwa rahisi kuliko kazi ya kwanza.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mwaka 2017 jengo hilo liliuzwa kwa kampuni ya Hong Kong, LKK Health Products Group, kwa pauni bilioni 1.28. Wakati huo hapakuwahi kuuzwa jengo moja nchini Uingereza kwa bei kubwa kuliko hiyo. Gawanya pauni 946 kwa bei hiyo, utapata chini ya sehemu moja ya milioni. Habari zile zote za magazeti, yai, zulia na Jaguar, hazikuonekana katika bei ya mauzo. Soko halikumwadhibu mwenye jengo. Adhabu pekee iliyokuwapo ilikuwa gharama ya mapezi, pamoja na malipo kwa yule aliyekuwa na ushahidi mkononi.

Hapo ndipo penye hatari kwa mtu wa hali ya chini. Mwenye Jaguar alilipwa kwa sababu jambo lilitokea katikati ya mji wa fedha, mbele ya kamera, na wajenzi wenyewe walikwisha kuliona gari lake na kumwachia karatasi. Tuchukue mfano wa mtu wa Mitwero ambaye bampa la gari lake limeanza kujikunja. Fundi wa bodi atamwambia ni jua kali la pwani. Wa pili atasema bampa ni feki. Wote wawili watakuwa wanasema jambo linalotokea kila siku, kwa hiyo hakuna atakayeinua macho kutazama ng'ambo ya barabara.

Dishi lisilopakwa rangi

Namna mambo haya yanavyofanya kazi si ngumu, na mfano wake uko juu ya paa za nyumba nyingi. Dishi la televisheni ni bakuli linalopokea mawimbi mapana na kuyakusanya kwenye kichwa kidogo kilichosimama mbele yake. Ukuta wa vioo uliokunjwa kwa ndani hufanya hivyo hivyo kwa miale ya jua. Na kama umewahi kujiuliza kwa nini dishi hupakwa rangi isiyong'aa, moja ya sababu ni hiyo: dishi lililong'arishwa kama sufuria mpya lingeelekea jua na kuyeyusha plastiki ya kichwa chake lenyewe.

Ukuta wa vioo ulionyooka hauna uwezo huo. Unaweza kurudisha jua, lakini hauwezi kulizidisha. Gari lililo mbele yake linapokea jua lake la kawaida kutoka juu, na juu ya hilo sehemu tu ya jua la pili kutoka ukutani. Kioo cheupe cha kawaida kinachotazamana na jua uso kwa uso hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga. Kioo cha kuakisi kilichopakwa tabaka la madini kinaweza kurudisha theluthi au zaidi. Ni nyongeza ya kuumiza macho ya dereva na kuongeza joto la dashibodi, lakini haitakaanga yai. Balaa huanza pale kuta mbili zinapoelekezana sehemu moja, au pale ukuta mmoja unapokunjwa.

Kwa mkunjo kuna kipimo chepesi ambacho mwenye kiwanja anaweza kumuuliza mchoraji wake bila aibu. Ikiwa ukuta ni kipande cha duara ambalo kitovu chake kiko mita 40 mbele ya jengo, miale itakutana karibu mita 20 kutoka ukutani, yaani nusu ya umbali huo. Pima mita hizo ardhini uone kuna nini. Kama ni bustani, sawa. Kama ni maegesho, mchoro huo una tatizo. Mkunjo unaotokeza nje kama tumbo hauna shida hii, maana hutawanya miale badala ya kuikusanya.

Kuhusu plastiki zenyewe, neno "kuyeyuka" linapotosha kidogo. Mabampa mengi hutengenezwa kwa polipropilini, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 160. Plastiki ngumu za aina ya ABS, zinazotumika katika shoo za mbele, makava ya vioo vya pembeni na mapambo, huanza kulainika karibu na nyuzi 100, na PVC hulainika mapema zaidi. Kipande kilichobanwa kwa klipu na skrubu hakihitaji kufika huko ndipo kiharibike. Kikilainika kidogo tu huanza kuvutika na kujikunja, na kikipoa hubaki hivyo. Ikumbukwe pia kwamba dashibodi nyeusi ya gari lililofungwa vioo juani huweza kupita nyuzi 70 bila msaada wa jengo lolote. Kwa hiyo safari iliyobaki hadi kwenye uharibifu ni fupi, na rangi nyeusi huifupisha.

Uharibifu huu usichanganywe na ule wa taa zinazogeuka njano na kupauka kama jicho lenye mtoto. Huo ni kazi ya miale isiyoonekana ya jua, inayokula plastiki ya taa kwa miaka. Hauna saa maalumu wala mahali maalumu. Joto la kioo lililokusanywa hufanya kazi kwa dakika, upande mmoja wa gari, mahali pamoja, saa ile ile. Anayenunua gari la mkononi akiona taa zote mbili zimepauka sawasawa aelewe ni umri. Akiona upande mmoja wa bampa umejikunja na rangi iliyo jirani nayo haina mkwaruzo, aulize lilikuwa likiegeshwa wapi.

London haikuwa ya kwanza. Huko Las Vegas, hoteli ya Vdara, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2009 na kuchorwa na Viñoly huyo huyo, mwaka 2010 ilikuwa habari baada ya wageni waliokuwa kwenye bwawa la kuogelea kulalamikia joto la ukuta wake uliokunjwa. Mfuko wa plastiki wa mgeni mmoja uliyeyuka. Los Angeles, ukumbi wa muziki wa Walt Disney uliofunguliwa mwaka 2003 ulikuwa na mabati ya chuma cha pua yaliyong'arishwa na kukunjwa, na majirani wakaingiliwa na joto na mng'ao. Mwaka 2005 mabati hayo yalisuguliwa kwa msasa hadi yakafifia. Ni dawa ile ile ya dishi.

Kuna kisa kingine cha Marekani chenye manufaa zaidi kwa wajenzi wa nyumba ndogo, kwani hakihitaji ghorofa. Madirisha ya kisasa yenye vioo viwili na hewa katikati, yaliyopakwa tabaka la kuzuia joto, yamelaumiwa kwa kupindisha kuta za plastiki za nyumba za jirani na hata sehemu za magari. Hewa ya katikati ikinywea, vioo huvutwa kwa ndani kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, na dirisha lililonyooka linageuka kuwa dishi dogo. Vioo vya namna hiyo vinauzwa kama bidhaa bora ya kupunguza umeme wa viyoyozi, na kweli ni bora. Anayevinunua ajue tu vinatazama wapi.

Jua la Lindi si la London

Mchoro wa London hauwezi kuhamishwa hadi pwani ya Lindi bila kugeuzwa, na tahadhari zake vivyo hivyo. London, mwanzoni mwa Septemba, jua la mchana hufika nyuzi 46 hivi juu ya upeo wa macho, upande wa kusini siku zote. Lindi iko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta. Hapa jua la mchana halishuki chini ya nyuzi 56 mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, katika wiki ya tatu au ya nne ya Februari na wiki ya tatu ya Oktoba, hupita utosini kabisa. Kati ya Oktoba na Februari jua la mchana liko upande wa kusini. Miezi iliyobaki liko kaskazini.

Maana yake kwa mwenye kiwanja ni hii. Chukua ukuta wa vioo ulionyooka wenye urefu wa mita 10, unaotazama kusini. Mchana wa Desemba, jua likiwa nyuzi 77 hivi, mwanga unaorudishwa unaangukia mita mbili na kidogo tu kutoka ukutani. Hapo ndipo wengi hupenda kusukuma gari wakitafuta kivuli ambacho hakipo. Lakini ukuta wa urefu huo huo ukitazama magharibi, saa kumi jioni, jua likiwa nyuzi 35, unarusha mwanga hadi mita 14. Hiyo inavuka maegesho na kuingia barabarani. Asubuhi, ukuta unaotazama bahari hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili.

Kwa hiyo huku kwetu kuta za kuchungwa kwanza ni za mashariki na magharibi, na saa za kuchungwa ni asubuhi na jioni, kinyume cha London. Mafundi wa zamani wa mwambao, waliojenga kuta nene zenye madirisha madogo na baraza yenye paa mbele, walikuwa wamelimaliza suala hili bila kulijadili. Jua la jioni lilikutana na kivuli kabla ya kukutana na kitu chochote cha kung'aa.

Oktoba ina jambo lake jingine katika kalenda ya Lindi. Ndio mwezi ambao minada ya korosho huanza kuchangamka, fedha huingia mikononi, magari na pikipiki hununuliwa, na mwenye fremu hupata fedha ya kumalizia vioo vilivyobaki. Magari mengi na vioo vipya hukutana chini ya jua lililo utosini.

Bima na sheria

Wenye magari wengi hubeba bima ya mtu wa tatu, ile ambayo sheria inailazimisha. Bima hiyo inawalipa watu wengine unaowadhuru kwa gari lako. Bampa lako mwenyewe likipinda kwa joto la vioo vya jirani, bima hiyo haina senti yako. Mwenye bima kubwa ana nafasi nzuri zaidi, lakini asome mkataba wake sehemu ya moto, kwa kuwa joto bila moto ni jambo ambalo kampuni inaweza kulibishia. Swali hilo ni bora liulizwe kwa maandishi siku ya kulipia bima.

Upande wa sheria, Tanzania ilirithi kanuni za kawaida za Uingereza kupitia sheria ya mwaka 1920, na miongoni mwake ni kanuni ya kero: mtu asitumie ardhi yake kwa namna inayomzuia jirani kufaidi ya kwake kwa kiwango kisichovumilika. Mwanga unaorudishwa umewahi kufikishwa mahakamani nje. Huko New Zealand mwaka 1984, katika shauri kati ya Benki ya New Zealand na Greenwood, mahakama ilikubali kwamba mng'ao wa jua kutoka paa la vioo la jengo jirani unaweza kuwa kero kisheria. Hukumu ya kule haimfungi jaji wa hapa, ila wakili anaweza kuisoma mbele yake.

Pana mtego, hata hivyo. Kero humlinda zaidi mwenye ardhi au mpangaji kuliko mpita njia. Mwenye yadi ya magari ana mguu wa kusimamia. Aliyeegesha kwa saa moja akanywe chai atalazimika kutafuta njia ya uzembe, yaani kuonyesha kwamba mwenye jengo alijua, au alipaswa kujua, na hakufanya kitu. Na hapo barua ina thamani kubwa. Mwenye jengo aliyeandikiwa mwezi Oktoba hawezi kusema mwezi Novemba kwamba hakuwa na habari.

Kwa kuwa doa la joto huhama kadiri jua linavyohama, ushahidi nao huondoka. Picha ipigwe saa ile ile, ionyeshe gari, doa la mwanga na ukuta kwa pamoja, na tarehe na saa viandikwe. Siku ya pili, saa ile ile, ipigwe nyingine. Wiki tatu baadaye huenda kusiwe na kitu cha kupiga.

Kabla ya malipo ya awali

Kwa mwenye kujenga, fedha ziko katika mchoro. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri baada ya michoro kukaguliwa, na huo ndio wakati ambao kunyoosha ukuta uliokunjwa kunagharimu kalamu na karatasi. Mapezi ya kivuli yakiingizwa katika mchanganuo wa gharama tangu mwanzo, ni mstari mmoja tu katika kazi ya mkadiriaji majenzi. Yakiongezwa baada ya lalamiko, yanakuja na jukwaa, mafundi wa kupanda, na wapangaji waliofungiwa milango.

Isitoshe mapezi hayafanyi kazi ya jirani peke yake. Jua linalozuiwa kabla ya kugusa kioo haliingii dukani, na kiyoyozi hakilazimiki kulitoa. Mwenye nyumba ya wageni anayelipa umeme wa vyumba kumi atayaona mapezi hayo katika matumizi yake ya kila mwezi, hasa kwa vyumba vya magharibi. Huo ni mradi wenye mapato, tofauti na hisani.

Kwa mwenye yadi au mpangaji wa fremu aliye ng'ambo, kifungu kimoja katika mkataba wa pango kinaweza kusema nani atabeba hasara itokanayo na joto au mng'ao wa jengo la mwenye nyumba, ikiwa majengo yote mawili ni yake. Ikiwa jirani ni mwingine, turubai na mti wa mwarobaini ni bima ya bei nafuu kuliko zote, ingawa mwarobaini una miaka yake ya kusubiri.

Kuhusu bei za vioo vya kuakisi na alumini, mafundi hutofautiana sana, na usafiri kutoka Dar es Salaam hubadilisha kila kitu. Mafundi hao hao ndio wanaotengeneza mapezi, kwa alumini ile ile. Bei ya mapezi iulizwe siku ile ile ya kuulizia vioo, kwa kuta za mashariki na magharibi kwanza, na iandikwe katika karatasi moja kabla malipo ya awali hayajatoka.